Hesabu ya Majimbo ya Pemba

Ukitaka kuchemsha baraza ya wazee Pemba huna haja ya kutaja chama. Uliza tu: kisiwa hiki kilikuwa na majimbo mangapi, sasa kina mangapi, na hayo yaliyopungua yamekwenda wapi? Kahawa itapoa vikombeni.

Mimi ni katika watu waliokua na namba 21. Mwaka 1995, uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, nilikuwa mtoto mdogo, na namba hiyo ilikuwa ikitajwa kama jina la mtu. Viti 21 vya Pemba, na vyote 21 vikachukuliwa na CUF. Miaka kumi baadaye vikawa 18. Tangu hapo nimekuwa nikisikia maelezo mawili. La kwanza husemwa kwetu: tumeibiwa. La pili husemwa ng'ambo ya mkondo, Unguja: Pemba imependelewa siku zote, tangu enzi za Muingereza. Safari hii nimechukua takwimu za sensa nikaziweka ubavu kwa ubavu na idadi ya viti, toka Zama za Siasa hadi leo. Kilichotoka hakimfurahishi msemaji yeyote kati ya hao wawili.

Tuanze 1957. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa wa viti sita tu, visiwa vyote viwili. Waliopiga kura walikuwa wanaume, tena kwa masharti ya umri, mali na elimu. Pemba ilipewa majimbo mawili, na walioshinda ni Ali Sharif Musa na Mohamed Shamte, Washirazi wa hapa hapa. Mwishoni mwa 1959 wawili hao walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha ZPPP, chama ambacho hata jina lake lilikitaja kisiwa chetu: Chama cha Watu wa Unguja na Pemba. Hapo ndipo siasa ya Zanzibar ilipoanza kuwa na miguu mitatu. ASP ilikuwa na nguvu Ng'ambo na mashamba ya Unguja. Hizbu, yaani ZNP, ilikuwa na watu wake mjini na kwengineko. ZPPP ilikuwa Pemba, na ukiwa na miguu mitatu, mguu mdogo ndio unaoamua kigoda kitasimama ama kitaanguka.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP ikapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Katika vile 10 vya ASP kimoja kilikuwa cha Chake Chake, nacho kilipatikana kwa kura moja. Moja! Mtu mmoja angepitiwa na usingizi siku ile, historia ya visiwa hivi pengine ingesomwa vyengine. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawika. Shamte na mwenzake mmoja wakaenda na Hizbu, Ali Sharif akaenda na ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ni kuongeza jimbo moja ili namba isigawike sawa, na jimbo hilo likaongezwa Pemba: Mtambile. Nikipita pale na gari ya 603, Chake kwenda Mkoani, kondakta akiita abiria wa Kengeja washuke njia panda, huwa najiuliza ni wangapi garini wanaojua kuwa kijiji hiki kiliwahi kuwa ndio dawa ya kuvunja sare ya nchi nzima. Uchaguzi ukarudiwa Juni 1961. ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3, na safari hii watatu wale walikaa pamoja na Hizbu. Kumi na tatu kwa kumi. ASP ilikuwa imepata takriban nusu ya kura zote. Siku ile Unguja ilipasuka. Watu 68 walikufa katika fujo, mamia wakajeruhiwa. Hizo ni maiti za kabla ya Mapinduzi, na huzungumzwa kidogo mno.

Julai 1963 viti vikawa 31: Unguja 17, Pemba 14. ASP ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13. ZNP ikapata viti 12, ZPPP 6, na hivyo 6 vyote vikatoka Pemba. Shamte, mwalimu mstaafu, akawa Waziri Mkuu. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari, na katikati yake ni mwezi mmoja tu.

Hapa ndipo inapoanzia hoja ya upendeleo. Husemwa kuwa Muingereza aliipa Pemba viti vingi kwa makusudi ili ASP isitawale. Basi hebu tuitazame sensa ya 1958. Unguja ilikuwa na watu 165,253, Pemba 133,858. Gawanya: kila jimbo la Unguja lina watu kama 9,700, kila jimbo la Pemba kama 9,600. Tofauti yake ni watu wa mtaa mmoja. Ukitazama kisiwa kwa kisiwa, 14 ilikuwa haki ya Pemba. Kilichoiumiza ASP ni namna kura zake zilivyorundikana. Ukishinda jimbo kwa maelfu unapata kiti kimoja, na ukishinda kwa kura moja, kama Chake Chake, unapata kiti kimoja pia. Mtindo huu ni wa Uingereza na una kasoro hiyo hiyo huko kwao. Kulalamikia mtindo ni jambo moja, na kusema Wapemba walihesabiwa mara mbili ni jambo jengine kabisa.

Baada ya Mapinduzi hapakuwa na jimbo la kupigania. Baraza la Mapinduzi lilitawala na kutunga sheria, na Baraza la Wawakilishi halikuanza mpaka 1980. Miaka 16 hiyo siirefushi hapa. Pemba ina mengi ya kusema juu yake, njaa na bakora, lakini hayo yana makala yake.

Vyama viliporudi mwaka 1992 ramani ilikuwa ya majimbo 50, Unguja 29 na Pemba 21. Sensa iliyokuwa karibu ilikuwa ya 1988, nayo ilitoa watu 265,039 Pemba katika Zanzibar ya watu wasiopungua laki sita na arubaini. Hiyo ni asilimia 41, na viti 21 katika 50 ni asilimia 42. Kwa mara nyengine namba zilikaa pahala pake. Oktoba 1995 CUF ikachukua vyote 21 vya Pemba na 3 vya Unguja. CCM ikabaki na 26. Urais Dk. Salmin Amour alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706. Hesabu mwenyewe: ni kura 1,565 katika visiwa viwili. Na katika Baraza, laiti viti viwili vingekwenda upande wa pili, wengi ungehama. Baada ya hapo hakuna mtu wa chama chochote aliyeweza tena kuutazama mstari wa jimbo kama mstari tu.

Uchaguzi wa 2000 ulivurugika, na tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji. Wapemba zaidi ya elfu mbili walikimbilia Shimoni, Kenya, kwa ngalawa na mashua. Oktoba mwaka huo ukaja Muafaka, na kwa kuwa wawakilishi wa CUF waliogomea Baraza walikuwa wamekwisha poteza viti vyao, Mei 2003 Pemba ikapiga kura za kujaza majimbo 17. Huo ni uchaguzi ninaoupenda kuusimulia. Wagombea uwakilishi sita wa CUF walienguliwa, kwa hivyo katika majimbo sita wafuasi wa CUF hawakuwa na mtu wao. Basi hawakukaa nyumbani. Walikwenda, wakapanga foleni, wakapaka wino kidoleni na wakaziharibu kura zao. Zikaitwa kura za maruhani: mgombea haonekani, lakini kura zake unaziona kwenye meza zinavyorundikana. CCM ilipata viti hivyo sita. CUF ikapata 11.

Kisha ikaja 2005. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ikachora mipaka upya. Pemba ikashuka kutoka 21 hadi 18, Unguja ikapanda kutoka 29 hadi 32. Viti vitatu vimetolewa kisiwa kinachompa mpinzani kila kitu, vimepelekwa kisiwa ambacho mpinzani alikuwa na kiti kimoja kimoja cha mjini. Nani asingeshuku?

Lakini tazama sensa ya 2002. Pemba 362,166, Unguja 622,459. Kwa ramani ya zamani jimbo la Pemba lilikuwa na watu kama 17,200, na la Unguja kama 21,500. Kwa ramani mpya Pemba ikawa na 20,100 kwa jimbo, Unguja 19,500. Ramani mpya ilikuwa sawa zaidi kuliko ile ya zamani. Najua baadhi ya ndugu zangu wataniona nimeuza kisiwa kwa kuandika sentensi hiyo. Lakini namba ni namba. Tusiwe watu wa kuitaka sensa inapotupa 21 na kuikana inapotupa 18.

Wakati nikiyapekua haya nilikutana na kisa cha mbali sana, Japani, na kimenisaidia kuelewa cha kwetu. Bunge la Japani lina mabaraza mawili, na lile la juu kwa miaka mingi lilikuwa na sharti: kila mkoa uwe jimbo, na hata mkoa mdogo kabisa uwe na kiti chake. Mkoa mdogo kuliko yote ni Tottori. Katika sensa ya 2020 ulikuwa na watu 553,407, karibu sawasawa na Pemba ya leo. Matokeo yake, katika uchaguzi wa 2010 mjumbe mmoja wa mkoa wa Kanagawa, ubavuni mwa Tokyo, alibeba wapiga kura mara tano ya mwenzake wa Tottori. Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikasema hali hiyo haiendani na katiba. Mwaka 2015 sheria ikabadilishwa: Tottori ikaunganishwa na jirani yake Shimane kuwa jimbo moja, na Tokushima ikaunganishwa na Kochi. Uchaguzi wa 2016 ukafanyika hivyo. Kule mpiga kura huandika jina la mgombea kwa mkono wake. Katika mkoa wa Kochi kura zilizoharibika zilikuwa kwa kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote nchini, na nyengine zilikuwa zimeandikwa maneno ya kupinga kuunganishwa. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Maruhani wamefika Kochi!

Kilichonikaa moyoni ni sababu ya watu wale. Hawakuibiwa kura, na hakuna chama kilichowachorea mipaka usiku. Mikoa yao imepungukiwa na watu kwa sababu vijana wamehamia miji mikubwa. Jimbo likaondoka likiwafuata watu. Na hiyo ndiyo hadithi ya Pemba pia, ila sisi tuna kipande cha ziada.

Nani asiyejua Mpemba anahama? Muulize mwenye duka Kariakoo, muulize muuza vitambaa Tanga, Mombasa, Maskati. Lakini wengi wanahamia hapo karibu tu, Unguja. Mwaka 1958 katika kila Wazanzibari 100, Wapemba wa kisiwani walikuwa 45. Mwaka 1988 walikuwa 41. Mwaka 2002, 37. Mwaka 2012, 31. Sensa ya 2022 imehesabu watu 543,441 Pemba katika Zanzibar ya 1,889,773, na hiyo haifiki 29 katika 100. Karafuu haiwezi kulisha kila mtoto wa skuli, viwanda ni haba, na baada ya 1995 kilichokuwa kikija kutoka serikalini kilikuja kwa kijiko. Watu wakafunga mizigo.

Sasa kipande cha ziada. Kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ilimtaka mtu awe ameishi jimboni miezi 36 mfululizo ndipo aandikishwe kupiga kura, na ilitaka sheha amjue. Mtu aliyetoka Micheweni akapanga chumba Mjini Magharibi alikuwa anahesabiwa na sensa siku hiyo hiyo kuwa mtu wa Unguja. Kwa hesabu hiyo aliisaidia Unguja kupata jimbo jipya. Lakini katika jimbo hilo yeye hapigi kura mpaka miaka mitatu ipite, na akihama tena chumba kwenda jimbo jengine, kama wapangaji wanavyofanya, anaanza upya. Na kule kwao Micheweni si mkaazi tena. Kwa hivyo kichwa chake kimehesabiwa na kura yake haipo. Ukiniuliza Pemba imedhulumiwa wapi, nitakuonesha hapo kwanza kabla ya ramani ya 2005. Mstari wa jimbo umefuata sensa, haki ya kura haikufuata. Wale wanaosema "tumeibiwa viti" wanaupiga mbio mti usio na tunda.

Kuna jambo jengine linalofanya jimbo la Pemba liwe kitu cha ajabu. Mpiga kura wa hapa huchagua watu wawili kwa ajili ya mabaraza mawili: mwakilishi wa Baraza la Zanzibar, Chukwani, na mbunge wa Dodoma. Kituo ni kile kile, foleni ile ile, siku ile ile. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walisimama foleni hiyo. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar. Uchaguzi wa Muungano haukufutwa. Wabunge wa CUF wa Pemba wakaenda Dodoma wakala kiapo kwa kura za asubuhi ile, na wawakilishi waliochaguliwa na watu hao hao, dakika hiyo hiyo, wakaambiwa kura zao si kitu. Marudio yalifanyika 20 Machi 2016. CUF ikayagomea, na majimbo yote 18 ya Pemba yakatoa wawakilishi wa CCM. Kwa zaidi ya miaka minne jimbo moja lilikuwa na mbunge wa chama hiki na mwakilishi wa chama kile, na wote wawili wakidai wana ridhaa ya watu wale wale. Katika ramani ile ya 2015 Baraza lilikuwa na majimbo 54, Unguja 36, Pemba 18. Uchaguzi wa 2020 ukarudi 50, Unguja 32, na Pemba 18 tena.

Leo basi hesabu inasemaje? Inasema 18 ni nyingi. Gawanya sensa ya 2022: jimbo la Pemba lina watu kama elfu 30, la Unguja kama elfu 42. Kwa asilimia 29 ya watu, haki ya Pemba katika majimbo 50 ni 14. Ile ile 14 ya mwaka 1963.

Mimi nisingeyakata. Na sababu yangu siwezi kuificha ndani ya namba, maana namba hazinisaidii. Pemba ni kisiwa, kina bahari baina yake na makao ya serikali, na mtu wa Kojani akiwa na shida ya gati au daktari hawezi kupanda daladala kumfuata waziri. Tena Mzanzibari anayesema 18 ni upendeleo aangalie Dodoma. Mwaka 2020 Bara ilikuwa na majimbo 214, Zanzibar 50. Kwa majimbo hayo na sensa ya 2022 mbunge wa Bara alibeba wastani wa watu kama 280,000, wa Zanzibar hakufikisha 38,000. Tunakubali hivyo, na tunakubali kwa haki, kwa kuwa Zanzibar ni mshirika mdogo na mshirika mdogo akihesabiwa kwa vichwa tu humezwa. Hoja hiyo ikivuka bahari kutoka Bara hadi Unguja ni halali. Ikivuka mkondo kutoka Unguja hadi Pemba inageukaje kuwa haramu?

Katiba ya Zanzibar inaruhusu majimbo kati ya 40 na 55. Nafasi ya kuiongezea Unguja bila kuipunguzia Pemba ipo, na 2015 ilitumika. Lakini isemwe wazi, kwa jina lake, kwamba kisiwa kinapewa uzito kwa kuwa ni kisiwa, isije ikafanywa kimya kimya na kuondolewa kimya kimya. Na mpangaji wa Mjini Magharibi apewe kura yake pale anapolala.

Mei 2021 mbunge wa Konde, Khatib Said Haji wa ACT-Wazalendo, alifariki dunia. Julai ukafanyika uchaguzi mdogo, akatangazwa mshindi wa CCM, naye akajiuzulu kabla ya kuapishwa. Oktoba ukafanyika mwengine, na kiti kikarudi ACT. Toka Oktoba 2020 watu wa Konde walikuwa wamekwenda kituoni mara tatu kwa ajili ya kiti kimoja cha Dodoma, katika jimbo ambalo kwa hesabu kali ya sensa huenda lisingekuwapo.